Leteni chanjo ya mafua kwenye vimbweta: barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vya Mwanza na Wizara ya Afya

Kwa Makamu Wakuu wa vyuo vikuu na wakuu wa vyuo vya kati vilivyopo Mwanza, Mganga Mkuu wa Mkoa, Mratibu wa Chanjo wa Mkoa, na Waziri wa Afya.

Waheshimiwa, shikamooni.

Mimi ni muuguzi katika zahanati ya chuo kimoja hapa Mwanza. Wanafunzi wananiita Sista, na huu ni mwaka wa 11 nawahudumia. Nawaandikia kuhusu chanjo ya mafua makali, yale wataalamu wanayoyaita influenza. Kila ninapoitaja kwenye vikao jibu huwa moja: vijana hawana mwamko, wapewe elimu. Nimekaa nao muda wa kutosha kusema kwamba hapo tunawaonea. Elimu wanayo. Kinachokosekana ni kitu kingine, na hicho kiko mikononi mwenu zaidi ya mikononi mwao.

Nianze na binti mmoja, sitamtaja jina. Yuko mwaka wa pili, ana siko seli, ugonjwa wa kurithi wa damu, tangu utotoni, na anajitunza kweli: anakunywa maji, anameza folik asidi yake, hapitishi kliniki. Chumbani kwao wamepangiwa wanne, lakini walikuwa watano kwa sababu walimbeba mwenzao aliyekosa hosteli. Wiki moja kabla ya mitihani ya kumaliza muhula, mmoja wao alirudi kutoka kwao na homa, kikohozi kikavu na maumivu ya mwili mzima. Akapitia duka la dawa, akanunua mseto, dawa ya malaria, bila kupima, akalala. Usiku mzima anakohoa kwenye kitanda cha juu, na binti wangu yuko kitanda cha chini.

Siku ya nne chumba kizima kilikuwa kinaumwa. Wengine walijilaza wiki, wakaamka. Yeye waliniletea saa 11 alfajiri, wamemfunga kitenge kifuani kwa sababu alisema anahisi mbavu zinaachana. Kipimo cha malaria kilitoka hasi. Oksijeni yake ilikuwa chini, nikamwandikia rufaa, tukampakia kwenye bajaji mimi na mwenzake mmoja. Hospitali walichukua sampuli ya pua, majibu yakaja kuwa ni influenza A. Alilazwa siku 9. Mitihani ikampita, akaja kufanya ile maalumu peke yake, wenzake wakiwa wameshakwenda likizo.

Yule aliyeugua wa kwanza alikuja zahanati baadaye, akakaa kwenye benchi, akaanza kulia. "Sista, mimi nilijua ni malaria. Ningejua ningelala kwingine." Nikamuuliza, kama ungeambiwa mwezi wa 11 kwamba kuna sindano ya kumkinga huyu, ungechoma? Alinitazama kama nimeuliza kitu cha ajabu. "Sista, kwa ajili yake ningechoma hata tatu."

Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, influenza ya msimu inawapata watu wapatao bilioni 1 kila mwaka duniani. Kati yao milioni 3 hadi 5 wanaugua vibaya, na wanaokufa kwa matatizo ya kupumua ni kati ya 290,000 na 650,000. Nikizisoma takwimu hizi kwenye semina wanafunzi wanaandika kwenye madaftari, wanafunga, wanakwenda kula. Siwalaumu. Kiswahili chenyewe kinatuponza kidogo hapa. Pua ikichuruzika asubuhi kwa upepo wa ziwa, tunasema mafua. Mtu akilazwa siku tano na homa ya nyuzi 39, mwili unamuuma kama aliyeshinda akipakua magunia ya dagaa pale Mwaloni, napo tunasema mafua. Neno moja linabeba magonjwa mawili, na lile dogo limelifunika kubwa. Nani atapanga foleni achomwe sindano kwa ajili ya kamasi? Ndiyo maana kwenye barua hii naandika mafua makali, na kwenye mabango yenu naomba muandike hivyohivyo. Msiandike tu "chanjo ya mafua". Mtakuwa mmeshapoteza nusu ya wasomaji.

Halafu kuna malaria. Sisi wa Kanda ya Ziwa tumelelewa tukijua kwamba homa ni malaria mpaka ithibitike vingine, na hatukosei kuiogopa, ipo. Lakini matokeo yake ni kwamba mafua makali hayana uso. Kijana akipona baada ya kumeza mseto anasema malaria imeisha, kumbe mwili wake umeshindana na kirusi peke yake. Mwaka mzima anaweza kupita bila kujua kwamba aliwahi kuugua ugonjwa wenye chanjo. Wanafunzi wetu wa udaktari na uuguzi wanachanja homa ya ini B, dozi zote tatu, wanafuatilia wenyewe tarehe za kurudi, kwa sababu damu wanaigusa wodini kila siku na hatari wanaiona kwa macho. Ni vijana walewale, wa bweni lilelile.

Sasa niwaambie nilichojifunza mwaka 2021. Tarehe 28 Julai mwaka ule Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa UVIKO-19 hadharani, chanjo ya Janssen, na baada ya hapo chanjo zikaanza kushuka mikoani mpaka zikatufikia vyuoni. Tuliagizwa kuweka meza kwenye jengo la utawala, saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Tukaiweka. Bango kubwa, viti vya kusubiria, kila kitu. Mwanafunzi anakwenda jengo la utawala akiwa na deni la ada au ana kesi. Siku mbili tulichanja watu wachache sana, wengi wao wafanyakazi wenzetu.

Siku ya tatu niliomba ruhusa tuhame. Tukachukua kibebeo cha chanjo na meza ya plastiki, tukaenda kukaa kwenye vimbweta, zile meza na viti vya nje wanaposomea wanafunzi, karibu na kafteria, saa 10 jioni, wakati vijana wanatoka vipindini na wengine wanaanza diskasheni. Wa kwanza alikuwa nahodha wa timu ya mpira. Hakuhutubia. Alikunja mkono wa jezi, akachoma, akakaa palepale akaendelea na chipsi zake. Dakika kumi baadaye wakaja wenzake watatu. Kisha nikaona kitu ambacho sijakisahau: hawakuja mmoja mmoja, walikuja chumba kwa chumba. "Sisi ni wa chumba namba fulani, Sista, tuandike wote." Waliokuwa na hofu walichoma kwa sababu hawakutaka kubaki peke yao, na waliokuwa na maswali waliyauliza mbele ya wenzao, jibu moja likawatosha sita.

Kijana mmoja alikaa kwenye kiti, akanyoosha mkono, halafu akaurudisha. "Sista, ngoja kwanza nimpigie mama." Mama yake yuko Ukerewe. Akampigia, akaweka spika. Mama hakuuliza chanjo imetengenezwa wapi wala ina nini ndani. Aliuliza: "Huyo sista, yeye mwenyewe ameshachoma?" Nikachukua simu, nikamsalimia, nikamwambia nimechoma, bega liliniuma siku mbili, na kadi yangu hii hapa. Akasema, "Basi mchome mwanangu." Mwanafunzi wa miaka 22, anasoma shahada, na uamuzi ulikuwa wa mama kupitia neno la muuguzi. Sioni ubaya wowote. Naona tu kwamba barua ya chuo inayozungumza na mwanafunzi bila kuzungumza na mzazi wake imeacha mtu muhimu nje ya mlango.

Msidhani haya ni ya Mwanza tu. Marekani walianza mwaka 2010 kuipendekeza chanjo hii kwa kila mtu mwenye miezi 6 na kuendelea, inapatikana mpaka kwenye maduka ya dawa, na bado watu wazima wa miaka 18 hadi 49 ndio wanaochanja kwa uchache kuliko marika mengine. Kijana popote anajiona chuma.

Kuna utafiti wa zamani wa nchini humo ambao huwa naufikiria kila tunapoandaa mabango. Ulifanyika Chuo Kikuu cha Yale, ukachapishwa mwaka 1965, na ulihusu chanjo ya pepopunda kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Wengine walipewa kijitabu chenye picha na maelezo ya kutisha, wengine cha upole. Waliotishwa walitishika kweli, wakasema wanaitaka chanjo. Lakini vitisho peke yake havikuwapeleka zahanati: waliopewa maelezo tu, waliokwenda walikuwa kama asilimia 3. Kundi jingine, pamoja na maelezo hayohayo, lilipewa ramani inayoonyesha zahanati ya chuo na kuombwa kupanga ni siku gani na saa ngapi wataweza kupita pale. Hao walikwenda asilimia 28. Na hawa walikuwa mwaka wa mwisho, zahanati walikuwa wanaijua. Ramani haikuwafundisha kitu kipya. Iliunganisha nia yao na ratiba yao.

Nikisoma vile nakumbuka mabango yetu ya fuvu la kichwa.

Kuhusu hofu, wala si nyingi kama tunavyodhani. Wanaogopa kwamba sindano yenyewe itawapa mafua. Haiwezi, kirusi kilichomo kimeuawa. Wanaogopa ugumba, uvumi uleule unaozunguka kila chanjo mpya, na hakuna ukweli ndani yake. Wajawazito wenyewe ni miongoni mwa wanaoshauriwa kuchanjwa. Wengine wanauliza kama wataumwa siku ya testi. Hili ni swali la haki na linastahili jibu la kweli: bega linaweza kuuma, homa kidogo inaweza kuja, maudhi madogomadogo ya siku moja au mbili. Kwa hiyo meza isiwekwe mkesha wa mitihani. Ni jambo dogo, lakini nimeona ratiba za afya zikipangwa na watu ambao hawajawahi kuangalia ratiba ya masomo.

Naomba pia tusiwadanganye kuhusu nguvu ya chanjo. Katika miaka ambayo imelingana vizuri na virusi vinavyozunguka, hupunguza hatari ya kuugua kiasi cha kumhitaji daktari kwa asilimia 40 hadi 60. Anayeugua baada ya kuchanja mara nyingi huugua kwa wepesi zaidi. Kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka. Na ni ya kila mwaka, kwa sababu kirusi hiki kinabadilika; ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hutangaza muundo wa chanjo mara mbili kwa mwaka, Februari kwa nchi za kaskazini ya dunia na Septemba kwa za kusini. Mwanafunzi ukimwahidi kinga kamili, kisha mwenzake mmoja akaugua, umepoteza bweni zima, na hutalipata tena hata ukija na chanjo ya kitu kingine.

Suala la fedha halihitaji maneno mengi. Mwanafunzi anayehesabu siku mpaka bumu, yaani fedha ya mkopo, liingie hawezi kuchagua kati ya nauli ya daladala kutoka Malimbe kwenda mjini na sahani ya wali maharage. Atachagua wali, nami ningechagua wali. Hata angepata nauli, anakwenda wapi? Baada ya binti yule kutoka hospitali, nilichukua siku yangu ya mapumziko kumtafutia chanjo kwa ajili ya mwaka unaofuata. Nilipita maduka matatu ya dawa na kituo kimoja cha afya. Kote haipo. Sehemu moja waliniuliza ni ya nini, tena aliyeniuliza ni mtaalamu. Chanjo hii haimo kwenye ratiba yetu ya kawaida ya chanjo, kwa hiyo haishuki pamoja na nyingine. Tunawaambia vijana hawana mwamko wa kitu ambacho muuguzi wao amezunguka jiji zima hakukiona.

Ndugu yangu mmoja wa idara nyingine alipendekeza kwamba ikija, iwe sharti la usajili. Asiyechoma asisajiliwe. Namheshimu, lakini nasema hapana. Nimeona vijana wakinunua risiti na mihuri kwa mambo madogo kuliko hili. Mkilazimisha mtapata kadi nyingi na mabega machache. Tena mtakuwa mmeifanya chanjo kuwa adui wa mwanafunzi, wakati anachohitaji ni kuiona kama zawadi kwa mwenzake wa chumba.

Ninachowaomba ni hiki. Mheshimiwa Waziri, sikuombi dozi za wanafunzi wote wa Tanzania mwaka huu. Najua foleni ya mahitaji ya nchi. Naomba chanjo ya mafua makali iingizwe kwa makundi ambayo Shirika la Afya Duniani limekwishayataja, yaani wahudumu wa afya, wajawazito, wazee na wenye magonjwa sugu, na mkifanya hivyo mkumbuke kwamba makundi hayo yamo ndani ya vyuo. Kanda ya Ziwa ina siko seli nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi. Watoto wale tuliokuwa tukiwaombea wavuke umri wa miaka mitano, leo wako kwenye madarasa yetu wanasoma sheria na uhasibu. Tuna wenye pumu, wenye kisukari, wanaotumia dawa za kufubaza VVU, wasichana wajawazito. Tuna wanafunzi wa afya wanaotoka wodini jioni na kurudi kulala kwenye chumba cha watu wanne. Anzeni na hao. Kisha, dozi zikibaki, wenzao wa chumba. Kwa hao wenzao sihitaji bango hata moja, nitawauliza tu swali nililomuuliza yule aliyelia kwenye benchi.

Uwezo mnao, tumeuona. Aprili 2024 mlipeleka chanjo ya HPV, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, ya dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, na hamkuwangoja hospitalini, mliwafuata shuleni. Mnyororo baridi ni uleule, nyuzi joto 2 hadi 8, majokofu yaleyale ya wilaya. Mwanafunzi wa chuo hajabadilika kuwa kiumbe kingine kwa sababu amevuka miaka 18. Naye anafuatwa.

Mganga Mkuu wa Mkoa na Mratibu wa Chanjo, nawaomba mtushirikishe sisi wa zahanati za vyuo kwenye vikao vyenu vya mipango. Mara nyingi tunasikia kampeni redioni siku ileile wanayoisikia wanafunzi, na wakija kutuuliza tunabaki kubahatisha. Tuchanjwe sisi kwanza. Yule mama wa Ukerewe alikuwa na haki ya kuuliza.

Na ninyi wakuu wa vyuo, kwenu ombi langu ni jepesi kuliko yote. Ulaya na Marekani wana msimu wao wa baridi, kila mtu anajua kwamba majani yakianza kudondoka ndiyo wakati wa kuchanja. Sisi tuko kama digrii mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, na huku ugonjwa huu unaweza kuzunguka mwaka mzima bila kupiga hodi. Kwa hiyo kalenda yetu tuitengeneze wenyewe, na siku nzuri kuliko zote ni wiki ya kuripoti. Mabasi yameshusha vijana kutoka Kagera, Kigoma, Mara, Simiyu, Geita na Dar es Salaam, kila mmoja na kikohozi cha kwao, na wanapanga foleni ileile ya usajili kwa saa nyingi. Mzazi mara nyingi yupo pembeni ameshika begi. Foleni hiyo tayari ipo, hatuhitaji kuitisha nyingine. Nipeni meza pale. Jioni nitahamia kwenye vimbweta kwa wale wanaosoma mwaka wa pili na kuendelea. Mnikubalie viongozi wa madarasa wawili au watatu kwa kila kitivo, nitawafundisha mimi mwenyewe nusu siku.

Halafu kuna fomu. Kila mwanafunzi mpya anakuja na fomu ya uchunguzi wa afya iliyosainiwa na daktari. Inauliza macho, meno, kifua kikuu, inauliza mpaka uzito. Haiulizi kama mwanafunzi huyu ana ugonjwa unaoweza kumfanya mafua makali yamlaze hospitali, wala haina nafasi ya kuandika kwamba angependa mwenzake wa chumba ajue. Yule binti, ugonjwa wake ulikuwa umeandikwa kwenye karatasi iliyofungiwa kabatini kwangu, na waliolala naye chumba kimoja walijua tu kwamba "huwa anaumwaumwa". Kama wangeambiwa kwa ridhaa yake, nina hakika yule mwenye kikohozi asingelala kitanda cha juu usiku ule.

Fomu za mwaka huu zinapelekwa kupigwa chapa mwezi wa 8. Naomba miraba miwili iongezwe kabla hazijakwenda: mmoja wa ugonjwa sugu, mwingine wa ridhaa ya kumwambia mwenzake wa chumba. Maandishi nimeshayaandaa, yako kwa katibu muhtasi wa kila ofisi niliyoitaja hapo juu, karatasi moja, upande mmoja. Nasubiri kuitwa.

Wenu katika kazi,

Muuguzi wa zahanati ya chuo, Mwanza